Mwethya, Baraza na Kambi ya Kariokor: Mikusanyiko ya Watu wa Machakos

Kazi nzito katika milima ya Machakos haikuachiwa mtu mmoja. Mwenye shamba la kulimwa au nyumba ya kuezekwa aliita mwethya, nao majirani wa utui wake, yaani kitongoji chake, wakafika asubuhi na mapema na zana zao mkononi. Ujira haukuwapo. Mwenyeji alipika, akaandaa pombe, na mwenzake alipoita yeye naye aliitika. Aliyezoea kukosa bila sababu aliijua hasara yake siku alipohitaji mikono ya wenzake.

Utui ulikuwa mdogo kiasi kwamba kila nyumba iliwajua ng'ombe wa jirani. Vitongoji kadhaa vilifanya kivalo, eneo pana zaidi, na mashauri makubwa yalikatwa na wazee katika nzama. Jioni wanaume waliota moto thome, nje ya boma, na habari ilitoka thome moja ikaingia nyingine hadi ikavuka mlima. Wakamba, wenyeji wa milima hiyo, hawakuwa na mfalme. Watu walikutana kwa kuwa walikubali kukutana, na jambo hilo ndilo lililowatatiza watawala wa kikoloni kwa muda mrefu.

Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki ilijenga kituo Machakos mwaka 1889, miaka kumi kabla ya reli kufika Nairobi. Utawala ulileta mkusanyiko wa namna yake, baraza: watu wanaitwa, wanakaa chini, ofisa anasema, mkalimani anatafsiri, wanatawanyika. Mkutano ambao serikali haikuuita ulitazamwa kwa shaka. Mwaka 1911 ngoma iliyoongozwa na mwanamke mmoja, Siotune wa Kathuke, pamoja na kijana Kiamba wa Mutuaovio, ilienea Ukambani kwa kasi, na vijana wakawa hawawasikilizi tena wazee waliowekwa na serikali. Wote wawili walikamatwa na kuhamishwa mbali na kwao.

Mkusanyiko mkubwa kuliko yote ulikuja mwaka 1938, na chanzo chake kilikuwa ng'ombe. Malisho ya Wakamba yalikuwa yamepunguzwa tangu zamani: Milima ya Mua ilichukuliwa na walowezi, na uwanda wa Yatta ukahesabiwa kuwa ardhi ya serikali. Ukame na nzige wa miaka ya 1930 viliongeza dhiki, na ndani ya mipaka iliyobaki udongo ulichukuliwa na maji hadi mabonde yakawa makorongo. Ripoti ya Colin Maher ya mwaka 1937 iliieleza hali hiyo kwa maneno makali. Uharibifu ulikuwa wa kweli. Serikali ililaumu wingi wa mifugo, wenyeji wakataja ardhi iliyochukuliwa, na historia imewapa wenyeji haki zaidi ya waliyopewa wakati ule.

Dawa iliyochaguliwa ilikuwa kupunguza mifugo kwa lazima. Kila eneo lilipangiwa idadi. Ng'ombe walioruhusiwa kubaki walipigwa chapa ya moto, na waliozidi walipelekwa mnadani, wakauzwa kwa bei ya chini. Wakati huohuo kampuni ya Liebig ilikuwa ikifungua kiwanda cha nyama Athi River, ikihitaji ng'ombe wengi wa bei nafuu. Watu walioona mambo hayo mawili yakienda sambamba hawakuhitaji kuelezwa zaidi. Kwa Mkamba, ng'ombe alikuwa mahari ya mwana, akiba ya mwaka wa njaa na heshima ya nyumba. Kumuuza mnadani kwa amri kulikuwa kuvunja mambo hayo yote kwa siku moja.

Chama cha Ukamba Members Association kiliundwa mwaka huo, na sauti yake iliyosikika mbali zaidi ilikuwa ya Samuel Muindi Mbingu wa Ngelani, aliyewahi kuwa polisi. Barua na maombi yalipokosa jibu la kuridhisha, mwishoni mwa Julai watu walianza kwenda Nairobi, safari ya kilomita sitini hivi, kumwona Gavana Robert Brooke-Popham ana kwa ana. Walikuwa wanaume, wanawake na watoto, idadi inayokisiwa kuwa kati ya 1,500 na 3,000. Walipiga kambi katika eneo la Kariokor, mjini humo, na kukaa hapo kwa wiki kadhaa. Hawakuvunja duka wala kumrushia mtu jiwe. Waliishi mjini kwa utulivu, wakisubiri.

Utulivu huo ndio unaostahili kuangaliwa kwa makini. Maelfu ya watu mbali na kwao, bila polisi wao wala bajeti, hawakai pamoja hivyo kwa bahati. Walikuwa wamelelewa katika mwethya na nzama, na walijua kugawana kazi na kusikilizana. Wanasiasa wa Kikuyu wa chama cha Kikuyu Central Association (KCA) na Wahindi kama Isher Dass waliwaunga mkono, na Jomo Kenyatta, aliyekuwa London, aliandika kuwatetea katika gazeti la Manchester Guardian. Serikali nayo ilikuwa na hofu nyingine: Wakamba walikuwa wengi katika polisi na katika jeshi la King's African Rifles (KAR), na haikufaa askari wasikie kwamba ng'ombe wa baba zao wanauzwa.

Gavana hakukubali kuwapokea Nairobi. Mwezi Agosti alikwenda mwenyewe Machakos akafanya baraza. Muda mfupi baadaye Muindi Mbingu alikamatwa na kupelekwa Lamu, lakini kabla ya mwaka kwisha uuzaji wa lazima ulikuwa umeachwa. Leo barabara moja ya katikati ya Nairobi ina jina lake.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ilirudi kwenye suala la udongo, safari hii kwa kazi za lazima za kuchimba matuta chini ya machifu. Watu walizichukia. Mambo yalibadilika katika miaka ya 1950, maofisa walipokubali vikundi vya mwethya vijichagulie viongozi na kupanga kazi vyenyewe. Tuta lililopendwa ni la fanya juu: mtaro unachimbwa kukata mteremko, udongo unatupwa upande wa juu, nyasi zinapandwa ukingoni, na mvua za miaka michache zinalisawazisha shamba lenyewe. Kutupa udongo kuelekea mlimani kunachosha mgongo kuliko kuutupa chini, kwa hiyo kazi hiyo ilihitaji watu wengi kwa safu. Wanaume wengi wakiwa mjini kutafuta mishahara, safu hizo zilikuwa za wanawake zaidi.

Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha utafiti wao juu ya wilaya ya Machakos mwaka 1994. Walionyesha kuwa idadi ya watu iliongezeka zaidi ya mara tano tangu miaka ya 1930, ilhali mmomonyoko ulipungua na mazao kwa kila mtu yakaongezeka. Matuta hayo bado yanaonekana kwenye miteremko ya Iveti, Kangundo na Mbooni, na vikundi vya wanawake vinaendelea kuyakarabati kila mwaka kabla ya mvua.