Wazee wa baraza mahakamani
Wazee wa baraza ni raia wasio wanasheria wanaokaa mahakamani pamoja na jaji au hakimu, wakasikiliza shauri na kulitolea maoni. Hufananishwa na juri ya Uingereza au Marekani, ingawa mfanano huo hauendi mbali: juri ndiyo huamua kama mshtakiwa ana hatia, ilhali wazee wa Mahakama Kuu hushauri tu.

Utaratibu huu uliingia Afrika Mashariki na ukoloni. Majaji wa Kiingereza hawakujua mila wala lugha za waliowahukumu, wakahitaji wa kuwafafanulia. Juri yenyewe Mwafrika hakupewa; nchini Kenya ilikuwa haki ya Wazungu, wakiamuliwa na Wazungu wenzao.

Nchini Tanzania, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985 iliagiza kesi za jinai za Mahakama Kuu, zikiwemo za mauaji, zisikilizwe kwa msaada wa wazee wasiopungua wawili. Ushahidi ukishafungwa, jaji aliwafanyia majumuisho ya ushahidi na sheria, kisha kila mmoja akatamka maoni yake kwa mdomo. Hata wote wakisema mshtakiwa hana hatia, jaji aliweza kumtia hatiani.

Ajabu ni kwamba maoni hayo yasiyomfunga jaji yaliweza kuangusha hukumu nzima. Mahakama ya Rufani ilibatilisha mashauri kadhaa kwa kuwa jaji hakuwaeleza wazee hoja muhimu za sheria, au kwa kuwa wazee walimbana shahidi kwa maswali ya dodoso. Mzee aliruhusiwa kuuliza ili aelewe. Kudodosa ni kazi ya upande unaopinga ushahidi, na mzee hatakiwi kuwa na upande. Kesi ilipoamriwa kuanza upya, mshtakiwa alirudi mahabusu kwa kosa la mwenendo ambalo si yeye aliyelifanya.

Mahakama ya Mwanzo ilikuwa kinyume kabisa. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1984 iliwapa wazee kura, hivyo wawili waliokubaliana waliweza kumshinda hakimu, hata katika suala la hatia na adhabu.

Kenya iliwaondoa wazee katika kesi za jinai za Mahakama Kuu mwaka 2007. Tanzania, kwa marekebisho ya 2022, iliiachia Mahakama Kuu hiari ya kuwaita.