Mlango wa Bunge Uko Wazi, Mbona Hatuingii?

Jaribu hii. Weka simu chini, taja jina la rais. Rahisi. Taja gavana wako. Sawa. Taja mbunge wako. Umeanza kusita, eh? Haya, taja MCA wa wadi yako, halafu uniambie ni kitu gani alisema mara ya mwisho kwenye bunge la kaunti.

Nilifanya hii mchezo na mabeste pale baze. Tulikuwa sita. Jina la MCA lilijulikana na wawili. Alichosema, hakuna aliyejua. Hata mimi ninayewapigia kelele ya siasa huku kila wiki, nilinyamaza.

Sasa, sijakuja kukukemea. Nataka tu ujue kwamba kuna wakati Mkenya alikuwa hajui mambo ya viongozi wake kwa sababu amefungiwa mlango. Watu waliumia ndio huo mlango ufunguliwe.

Tuanze mbali kidogo. Baraza la kutunga sheria la Kenya lilikutana mara ya kwanza mwaka 1907. Ndani hakukuwa na Mwafrika hata mmoja. Eliud Mathu aliingia mwaka 1944, na hata yeye hakupigiwa kura na mtu, aliteuliwa. Waafrika walichagua wawakilishi wao mara ya kwanza Machi 1957, viti 8 nchi nzima, tena kwa masharti ya elimu, mapato na mali. Ukiwa na sifa nyingi ungeweza kupata hadi kura 3. Ukikosa sifa, hupati hata moja. Yaani kwa karibu miaka 50, sheria zilizowabana babu zetu zilipitishwa kwenye chumba ambacho hawakuwa na mtu waliyemchagua wa kumuuliza kinachoendelea.

Uhuru ukaja 1963. Ungedhani mambo yamekwisha, lakini wapi. Machi 1975 mbunge J.M. Kariuki aliuawa. Bunge likaunda kamati ichunguze. Oktoba mwaka huohuo, Martin Shikuku alisimama bungeni akasema kuna watu wanataka kuliua Bunge kama vile chama cha KANU kilivyouawa. Akaambiwa alete ushahidi. Jean-Marie Seroney, aliyekuwa Naibu Spika, akajibu kwamba jambo lililo wazi halihitaji ushahidi. Siku chache baadaye polisi wakawachukua wote wawili kwenye eneo la Bunge, wakawekwa kizuizini bila kesi. Walitoka Desemba 1978, baada ya Kenyatta kufariki.

Hapo ndipo ujue nguvu ya Hansadi. Hansadi ni rekodi rasmi ya yote yanayosemwa bungeni. Watu wawili walipoteza miaka 3 ya maisha kwa sentensi chache zilizoingia kwenye hiyo rekodi.

Kisha ikaja mlolongo, mwaka 1988. Unapanga foleni nyuma ya mtu wako, chifu anatazama. Aliyepata asilimia 70 kwenye foleni alihesabiwa ameshinda, hakuna kura ya siri. Ukichaguliwa hivyo, unamwogopa nani? Mwananchi? Unamwogopa aliyekupangia foleni.

Mlango ulianza kufunguka polepole. Vyama vingi vikarudi Desemba 1991. Kwenye miaka ya 2000 kijana anaitwa Ory Okolloh na wenzake wakaanzisha tovuti ya Mzalendo, kazi yake kufuatilia wabunge wanafanya nini. Mwaka 2008 kamera zikaingia, vikao vya Bunge vikaanza kuonyeshwa moja kwa moja. Halafu Katiba ya 2010 ikamaliza ubishi. Kifungu cha 35 kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Cha 118 kinasema Bunge lifanye kazi mbele ya watu. Cha 196 kinasema hivyo hivyo kwa bunge la kaunti. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 ikaongeza kwamba ukiuliza, ofisi ya umma ikujibu ndani ya siku 21.

Kwa hivyo saa hii mlango uko wazi. Shida ni sisi tunaingia siku ya moto tu.

Kumbuka Juni 2024. Tarehe 20, wabunge 204 waliunga mkono Mswada wa Fedha kwenye hatua ya pili, 115 wakapinga. Majina yalizunguka kwenye simu zetu, kila mtu akamtafuta wake. Tarehe 25 ukapita tena, 195 kwa 106, na siku hiyo vijana wenzetu walipigwa risasi wakafa. Kesho yake rais akasema hatatia sahihi. Nguvu yetu tuliiona. Lakini huo mswada ulikuwa umechapishwa tangu Mei. Wengi wetu tuliusikia ukiwa umebaki kupigiwa kura.

Na kuna kitu kingine. Kura nyingi za Bunge hazina majina. Spika anauliza, wanaosema ndio wanapaza sauti, wanaosema la wanapaza sauti, anaamua. Ile orodha ya Juni ilikuwepo kwa sababu kura ilihesabiwa mtu kwa mtu. Siku nyingine, usipofuatilia mjadala wenyewe, hutajua mbunge wako alikuwa upande gani.

Sasa nikuambie kwa nini hii kitu inaniuma. Niliacha chuo kwa sababu ya karo. Miezi kadhaa baadaye ndio nikajua wadi yetu ilikuwa imetoa basari na siku ya mwisho ya kurudisha fomu ilikuwa imepita. Tangazo lilibandikwa kwenye ubao, nje ya ofisi ninayopita kila siku nikienda kupanda matatu. Sikuwahi kusimama kusoma. Nani wa kulaumiwa? Wangeweza kutangaza vizuri zaidi, hilo silifichi. Lakini wakati huohuo nilikuwa najua nani ametukanana na nani kwa Seneti. Jina la MCA wangu nilikuwa silijui.

Kenya ina wadi 1,450. Kila moja ina mtu ulimpigia kura, au ulimwachia mwingine ampigie. Huyo ndiye anajadili zahanati yenu, barabara ya mtaa, taa za sokoni.

Kwa hivyo shika tarehe mbili. Kufikia Aprili 30 kila mwaka, serikali ya kaunti inatakiwa iwe imepeleka makadirio ya bajeti kwa bunge la kaunti. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Katikati hapo ndipo pesa za wadi yako zinaamuliwa. Bunge la kaunti nalo lina Hansadi. Msimamizi wa Bajeti hutoa ripoti zinazoonyesha kila kaunti imetumia nini, na nyingi ziko mtandaoni bure, bando kidogo tu.

Anza na kitu kidogo. Wiki hii tafuta jina la MCA wako na siku bunge lenu linakutana. Mwezi ujao soma kikao kimoja. Ukipata kitu cha ajabu, kirushe kwa grupu ya mtaa, si meme peke yake.

Agosti 2027 watakuja na lesso na kofia, watakuita mtoto wetu. Mimi wangu nitamuuliza ile basari ilienda kwa nani. Wewe wako utamuuliza nini?