Wimbo wa Kale Unaporudi Kiwanjani

Leo twapenda kunena habari za wimbo wa kale unaporudishwa na wachezaji wakongwe, na jinsi watu wanavyoupokea. Katika milima ya Kingerikiti, na huko chini ukingoni mwa Ziwa Nyasa, jambo hili huonekana wazi katika ngoma ya mganda.

Asili ya mganda si ya zamani mno. Katika miaka ya 1890 vijana wa Lamu na Mombasa waliiga bendi za askari wa Wazungu, wakaanzisha beni. Vita vya 1914 hadi 1918 vilipochukua askari na wapagazi, beni ilisafiri pamoja nao. Ziwa lenyewe liliviona vita hivyo: mwezi wa Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliishambulia Hermann von Wissmann ya Wajerumani huko Sphinxhaven, ndiyo Liuli.

Vita vilipokwisha, gwaride lilibaki miguuni mwa watu, lakini tarumbeta hawakuwa nazo. Wakatwaa vibuyu, wakaziba tundu kwa utando wa buibui, wakavumisha sauti ndani yake, na kibuyu kikalia mfano wa tarumbeta. Wakajipanga mistari, wakavaa kaptula nyeupe na soksi ndefu, wakapeana vyeo kama vya jeshini.

Mijini nako ilizuka dansi. Dar es Salaam Jazz Band iliundwa mwaka 1932. NUTA Jazz, iliyokuja kuitwa Msondo Ngoma, mwaka 1964. Nyimbo kongwe za bendi za namna hiyo watu wameziita zilipendwa, na jina hilo lafaa mganda pia.

Basi, wimbo wa namna hiyo ukirudi, wasikilizaji hugawanyika. Mzee hutaka kila hatua iwe vile vile alivyoicheza ujanani, na mguu ukikosea huguna. Kijana huona mwendo ni wa polepole, akataka uharakishwe.

Sisi twaona kila mmoja ana haki yake. Mzee akumbuke kwamba kibuyu chenyewe kilishika mahali pa tarumbeta. Kama wahenga wake wasingalibadili kitu, mganda usingalikuwapo. Lakini kijana naye afahamu kwamba maneno ya wimbo ndiyo habari za kijiji: sifa, kejeli kwa wapinzani, na majina ya waliokwisha kufa. Nyimbo nyingi za mganda hazikupata kuandikwa wala kutiwa katika santuri. Ghala yake ni kichwa cha mtu, na mtu hufa.

Kwa hiyo shauri letu ni hili: wimbo uchezwe kwanza kama ulivyokuwa, wazee wakiwapo kusahihisha, kisha vijana waucheze wapendavyo. Mguno wa mzee usichukiwe, kwani aguniaye kosa ndiye angali anaujua wimbo. Siku atakapokosekana wa kuguna, wimbo huo utakuwa umekwisha kupotea.