Kukiri na Kuungama: Ushuhuda wa Hadharani katika Ukristo wa Nchi ya Wataita

Ugomvi wa Wakristo wa Afrika Mashariki juu ya maana ya Maandiko mara nyingi huelezwa kana kwamba uliletwa kutoka Ulaya pamoja na wamishonari. Historia ya nchi ya Wataita yaonyesha vingine. Huko swali lililowagawa waumini lilikuwa hili: je, yampasa mtu kutamka imani yake na makosa yake mbele ya watu? Swali hilo lilikuwa na mizizi katika dini ya wenyeji wenyewe, na lugha ya Biblia ya Kiswahili ikalizidishia uzito.

Mwaka 1883 J. A. Wray wa chama cha kimisioni cha Kianglikana, CMS, alifungua kituo katika mlima wa Sagalla, ambao leo wauelekea mji wa Voi kutoka kusini. Mwaka 1892 mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walianza kazi yao Bura. Mwaka huohuo A. R. Steggall wa CMS, baada ya chama chake kulazimika kuondoka Moshi, alihamia Taveta. Hivyo, kabla reli ya kutoka Mombasa haijafika Voi, Injili ilikuwa imekwisha kuingia katika nchi hiyo kwa milango miwili, wa Kianglikana na wa Kikatoliki.

Lakini watu waliohubiriwa walikuwa tayari na mafundisho yao kuhusu nguvu ya neno litokalo kinywani. Kitendo kikuu cha dini ya jadi ya Wataita, iitwayo wutasi, kilikuwa kutasa: mtu alijaza kinywa pombe, maji ya muwa au maji matupu, akayanyunyiza nje huku akitamka kwamba ameitoa hasira yake na kuwaombea wenziwe heri. Grace Harris, aliyefanya utafiti huko tangu 1950 hadi 1952 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1978, alieleza kwamba hasira iliyofichika moyoni ilidhaniwa kuwa yaweza kuwaletea jamaa maradhi na misiba, hata kama mwenye hasira hakukusudia. Kwa hiyo uponyaji ulihitaji sauti. Moyo uliosafika kimyakimya haukumtosha mgonjwa. Ilikuwa lazima ndugu wasikie.

Yafaa kukumbuka jambo hili ili kuelewa uzito wa kitendo cha Mkristo wa mwanzo aliyekataa kutasa. Kwake yeye kukataa kulikuwa ndiko kuikiri imani mpya. Kwa wazee wake, kulikuwa ni kuificha hasira na kumwacha mgonjwa ateseke. Wala Maandiko hayakulimaliza shauri hilo. Katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 8 hadi ya 10, Paulo asema kwamba sanamu si kitu, na papo hapo aonya juu ya kushiriki meza ya mashetani. Msomaji mmoja aliweza kupata humo ruhusa ya kuketi na jamaa zake, na mwingine akapata katazo.

Madhehebu mawili nayo yalitofautiana. Mkatoliki wa Bura aliungama dhambi zake faraghani, mbele ya padre, kwa mujibu wa mamlaka ambayo Kanisa lake huyasoma katika Yohana 20:23. Mwanglikana aliungama pamoja na kusanyiko lote kwa maneno ya kitabu cha sala, kila mtu akitaja dhambi bila kuitaja yake.

Utaratibu huo wa Kianglikana ulitikiswa na Uamsho ulioanza Gahini, Rwanda, na Uganda. Mwaka 1937 kikundi cha wahubiri wake kilifika Kabete, na katika miaka iliyofuata mwamko huo ulienea sehemu nyingi za Kenya, hata milima ya Taita. Ndugu wa Uamsho walisisitiza kutembea nuruni: mtu asimame mkutanoni, aitaje dhambi yake kwa jina, arudishe alichoiba, kisha ashuhudie kwamba ameokoka. Wapinzani wao waliweza kuelekeza kidole kwenye Mathayo 6, ambapo mwenye kusali huamriwa aingie chumbani na kufunga mlango. Ndugu nao waliweza kujibu kwa Mathayo 10:32, katika Injili ileile.

Hapa ndipo tafsiri inapohusika. Katika Biblia ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1952, Warumi 10:9 hutumia neno “kiri” kwa habari ya Yesu, na 1 Yohana 1:9 hutumia “ungama” kwa habari ya dhambi. Katika Kiyunani kitenzi ni kimoja, homologeo. Na kile cha Yakobo 5:16, ambacho nacho kimetafsiriwa “ungama”, kimetokana nacho. Kiswahili kimeligawa jambo moja likawa mawili. Kwa msomaji wa Kiswahili yawezekana kumkiri Kristo bila kuungama lolote. Watu wa Uamsho, ingawa wengi wao hawakusoma Kiyunani, waliviunganisha tena vitendo hivyo viwili.

Gharama yake haikuwa ndogo. Dhambi ikitajwa hadharani mara nyingi humtaja na aliyeshiriki, naye hakuomba kutajwa. Na aliyekaa kimya aliweza kuhesabiwa kuwa hajaokoka, hata awe amebatizwa na kupata kipaimara. Mwaka 1941 wanafunzi 26, miongoni mwao William Nagenda, walifukuzwa katika chuo cha Mukono, Uganda, kwa mgogoro uliotokana na Uamsho. Huko Nyanza mvutano ulifikia utengano: mwaka 1957 Matthew Ajuoga na wenzake waliopinga mwenendo wa watu wa Uamsho walijitenga na Kanisa la Kianglikana. Waanglikana wa Taita kwa jumla waliendelea kuwa chini ya dayosisi ya Mombasa, ambayo tangu 1964 iliongozwa na Mtaita, Askofu Peter Mwang'ombe, mpaka dayosisi ya Taita Taveta ilipoundwa mwaka 1993.

Mzee wa kutasa, padre wa Bura, kasisi wa kitabu cha sala na ndugu wa Uamsho, wote walikubaliana kwamba moyo peke yake hautoshi na kwamba kinywa sharti kinene. Walichotofautiana ni nani apaswaye kusikia: jamaa, padre, kusanyiko zima, au ndugu waliookoka. Kwa hiyo mwenye kuandika historia ya Ukristo katika nchi hiyo hana budi kuuliza, pamoja na andiko lililosomwa, ni masikio ya nani yaliyokuwapo liliposomwa, na msikilizaji alikuwa na wajibu gani kwa yule aliyethubutu kusema.