SPIKA BILA BOKSI: HISTORIA YA UBAO ULIOTOBOLEWA, KUTOKA REDIO YA BABU MPAKA MACHIMBO YA MWAKITOLYO

Jioni pale Mwakitolyo, karasha zikishanyamaza na watu wakishapanda kutoka duarani, kinachobaki ni jenereta na muziki. Kibanda cha miti na turubai, chipsi upande huu, bia upande ule, na juu kuna ubao umefungwa spika moja. Haina boksi. Ukizunguka nyuma unaona sumaku yote iko nje, na vumbi lake. Mgeni wa mjini anacheka: "Hii nayo spika?" Akikaa dakika mbili anaacha kucheka, maana maneno ya wimbo anayasikia yote, hata lile neno ambalo kwenye muziki mnene wa mjini huwa anaimba kwa kukisia.

Wadau, spika ya namna hii siyo umaskini peke yake. Ina historia ndefu, na waliyoibeba historia hiyo huku kwetu ni mafundi ambao majina yao hayapo kwenye kitabu chochote.

ILIANZIA WAPI?

Mwaka 1925 wahandisi wawili wa General Electric ya Marekani, Chester Rice na Edward Kellogg, walieleza spika ya koni ya karatasi inayosukumwa na koili ndani ya sumaku. Ndiyo hiyo hiyo mpaka leo, iwe kwenye bajaji au ukumbini. Na wao waligundua mapema kwamba koni peke yake haitoshi. Ikisukuma hewa mbele, nyuma inavuta. Hewa ya mbele ikizunguka ukingoni ikakutana na ya nyuma, zinauana, na besi ndiyo inakufa ya kwanza. Dawa ni kuiweka koni kwenye ubao, ili hewa isipate njia fupi ya kuzunguka.

Redio za mbao za zamani zilikuwa hivyo hivyo: ubao mbele, mgongo wazi au umefunikwa na kadibodi yenye matundu. Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza kurusha matangazo mwaka 1951, na hata ilipokuja Radio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1965, watu wengi walisikia dunia kupitia spika za aina hiyo. Redio zile zilikuwa na wati chache mno, kwa hiyo spika zake zilitengenezwa na karatasi nyepesi ili umeme kidogo utoe sauti kubwa. Zaidi ya yote zilitakiwa kumfikisha mtangazaji aeleweke. Sauti ya mtu kwanza, mengine baadaye.

Kilichobadilisha mchezo ni mwaka 1954. Kampuni ya Acoustic Research, kwa kazi ya Edgar Villchur, ikaja na boksi dogo lililozibwa kabisa lakini linatoa besi ya kina. Dunia ikahamia kwenye boksi. Ila hakuna cha bure: boksi lile lilikula wati nyingi. Mwenye umeme wa uhakika hakuona shida. Mwenye betri ya gari aliiona.

KWA NINI MACHIMBONI UBAO HAUKUFA

Kwenye machimbo umeme ni jenereta, sola au betri ya volti 12, na amplifaya mara nyingi ni redio ya gari. Juu imeandikwa wati 50 mara 4, lakini kwa volti 12 bila kibadilisha umeme ndani, uhalisia ni kama wati 18 hivi kwa kila spika. Hapo hesabu ya fundi inaanza. Kila desibeli 3 unazopungukiwa kwenye spika, unatakiwa kuongeza wati mara mbili. Spika ya desibeli 98 ikipewa wati 10 inalingana na ya desibeli 88 iliyopewa wati 100. Ukikosea kuchagua spika, utalipia kwa petroli kila siku.

Na siyo Usukumani tu. Kinshasa, kundi la Konono N°1 lilipaza likembe kwa maikrofoni zilizotengenezwa kwa sumaku za magari mabovu na spika za tarumbeta, mpaka dunia ikawajua kwa albamu ya Congotronics mwaka 2004. Dar nako mchiriku ulikua kwa vinanda vidogo vya Casio na spika za tarumbeta. Kote huko mtu alianza na alichonacho.

JINSI FUNDI ANAVYOCHAGUA MIDI

Hapa ndipo pesa za vijana wengi zinapopotea, kwa hiyo twende taratibu.

Kwanza, angalia mgongo. Midi nyingi za dukani zimezibwa nyuma kwa kopo la bati. Ni nzuri kwa kukaa boksi moja na sabufa, lakini kwenye ubao wazi unakuwa umekosa kile ulichokifuata, maana sauti inatoka mbele tu. Tena nyingi haziwezi kushuka chini vya kutosha kukutana na sabufa. Katikati linabaki shimo, na kwenye shimo hilo ndipo uzito wa sauti ya mwanaume unapokaa. Mtu anauza simu ananunua midi mpya inayong'aa, anaifunga, mwimbaji anasikika kama anaongea kwenye kopo.

Pili, ukubwa. Inchi 6 mpaka 8 ndiyo saizi ya ubao. Inchi 4 inahema mapema ukiishusha chini. Inchi 12 inaenda chini vizuri, ila sauti za juu inazirusha kama tochi: aliye mbele anasikia, wa pembeni anabahatisha.

Tatu, koni. Karatasi nyepesi, siyo plastiki nzito ya spika za kujionyesha. Isukume kwa vidole pande zote sawasawa. Ikikwaruza, koili imepinda, rudisha. Gusisha betri ndogo ya volti 1.5 mara moja: ikiruka nje, waya wa chanya ndio huo. Halafu usiijaribu kwa wimbo wa besi. Tafuta taarifa ya habari. Mtangazaji akisikika kama yupo chumbani, umepata.

Nne, usiidai besi. Kwenye ubao wa upana wa sentimita 60, chini ya Hezi 200 hivi sauti inaanza kupotea, na kila ukishuka inapotea zaidi. Kazi hiyo iachie sabufa kwenye boksi lake. Midi ya omu 8 iwekee kapasita ya mikrofaradi 80 hivi, ile isiyo na chanya na hasi, ili besi isiichoshe.

Tano, vumbi. Karasha zinatoa unga usiku na mchana, na chembe za chuma zikifika kwenye sumaku hazitoki. Kipande cha kitambaa chepesi nyuma ya spika kinaokoa miezi.

Kuna na faida ambayo wengi hawaijui. Ubao wazi unapiga mbele na nyuma, ubavuni unakuwa kimya zaidi, maana huko sauti mbili zinauana. Fundi anayejua anageuza ubao mpaka nyumba ya jirani ikae ubavuni. Magomvi ya usiku yanapungua bila kwenda kwa mtendaji.

KINACHOPOTEA

Siku hizi sifa ni sabufa. Kibanda kinatikisika, chupa zinacheza mezani, lakini muulize mtu mwimbaji kasema nini. Na kwa Wasukuma wimbo siyo mdundo peke yake. Tangu enzi za mashindano ya Bagika na Bagalu, mwimbaji anasifu, anachamba, anaonya, anamtaja aliyefariki. Wimbo ni barua. Kijana aliyetoka kwao miezi minane iliyopita anausikia wimbo wa lugha yake ndani ya turubai, na kama midi ni mbovu, barua imefika imechanika.

Rice, Kellogg na Villchur wameandikwa. Fundi wa kwanza aliyetoboa ubao machimboni akafunga spika iliyotolewa kwenye redio iliyokufa hajaandikwa, na huenda alishahamia rashi nyingine na bisibisi yake. Ila kila jioni neno likisikika vizuri, kazi yake ipo hapo ubaoni.

Mtaani kwenu yupo fundi wa namna hii? Dondosha komenti hapo chini, useme anatumia spika gani.