Who Killed Captain Alex? (mapokezi)

Filamu ya mapigano ya Uganda ya mwaka 2010, iliyoongozwa na Isaac Nabwana huko Wakaliga, Kampala. Kisa ni kilekile cha siku zote: komando anauawa akiwinda genge la Tiger Mafia, kisha ndugu yake, bingwa wa kung fu, anaingia kutafuta kisasi. Nani kamuua? Filamu haisemi.

Helikopta zake za kompyuta zingetosha kuifanya ipondwe. Badala yake, kionjo chake YouTube kiliipatia mashabiki ng'ambo, na sifa nyingi zikamwendea msimulizi wake, VJ Emmie, ambaye katika toleo lililowekwa mtandaoni mwaka 2015 anatania, anashangilia na kuwasuta wahusika risasi zikirindima.

Kwa mtazamaji wa Mtwara au Mikindani, hilo si geni. Tanzania ilikuwa na Lufufu, aliyezisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili. Kwenye vibanda vya video kisa kipya si lazima. Msimulizi hodari ndiye anayejaza mabenchi. Kwa kipimo hicho, Captain Alex imefaulu.