Agosti ya Bondo

"Mwalimu, huko anaenda kufanya mtihani gani?"

Mama huyo aliniuliza hivyo Agosti 2011, asubuhi, tukiwa steji ya Bondo. Alikuwa amebeba begi la bintiye wa kidato cha tatu, na leso yake bado ilinukia omena, dagaa wa ziwani aliowaanika jana yake Usenge. Nikamjibu kwamba hakuna mtihani. Akaitazama matatu ya Kisumu ikijaza watu, kisha akauliza, "Na cheti?" Nikasema cheti si hoja. "Basi wanaenda kucheza," akasema. Nikamwambia, "Ndiyo, mama. Wanaenda kucheza na hesabu, wiki nzima, ndani ya chuo kikuu." Hakuridhika, lakini aliniachia mtoto, kwa sababu nilikuwa nimemfundisha hata kaka yake.

Nilianza kufundisha hisabati katika shule za kutwa za Bondo mwaka 1988, na nimestaafu hapa hapa. Nimeiona likizo ya Agosti ikibadilika mikononi mwa watu, na ningependa habari yake iandikwe na mtu aliyekuwepo.

Marekani na Ulaya programu za likizo kama hiyo aliyoiendea binti yule huitwa za kiangazi, kwa kuwa kwao Agosti ni jua na shule zimefungwa kwa miezi. Kwetu ziwani mwaka unahesabiwa kwa chwiri, mvua ndefu, na opon, mvua fupi. Agosti iko kati ya hizo mbili: mahindi ya chwiri yanatolewa shambani, na shamba hilo hilo linalimwa tena kungojea opon. Halafu kuna ziwa. Kanuni za uvuvi hufunga uvuvi wa omena kuanzia 1 Aprili hadi 31 Julai, kwa hiyo Agosti mosi mashua zinarudi majini, na usiku usio na mbalamwezi taa zinatapakaa kuanzia Usenge hadi Uhanya kama mji unaoelea. Mvulana wa kidato cha pili aliyefunga shule Ijumaa, Jumamosi usiku alikuwa ndani ya mashua. Msichana alikuwa ufuoni akianika na kugeuza. Hivyo ndivyo karo ya muhula wa tatu ilivyopatikana, na sikuwahi kumlaumu mtoto aliyerudi darasani akiwa na viganja vilivyochanwa na kamba.

Tuisheni ndiyo iliyoivunja Agosti hiyo. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulianza 1985, na watahiniwa wa kwanza wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, waliufanya 1989. Silabasi ilikuwa nene, hisabati ilikuwa ya lazima kwa kila mtoto, na matokeo yalichapishwa magazetini shule kwa shule, watu wakayasoma kama matokeo ya ligi. Kila shule ikatafuta wiki za ziada, na wiki za ziada hazikuwa kwingine ila kwenye likizo. Nami nilifundisha tuisheni hizo miaka mingi. Wanafunzi sitini chumbani, kalkuleta moja kwa watoto watatu, kitabu cha majedwali kilichochanika kwenye ukurasa wa logi, na rundo la karatasi za mitihani iliyopita. Tulizifanya moja baada ya nyingine mpaka mtoto akawa analitambua swali kwa sura, kama mtu anavyomtambua jirani gizani kwa mwendo wake. Wengi walipita. Lakini katika Agosti zote hizo sikumbuki mtoto aliyeninyooshea mkono kuniuliza kwa nini kanuni fulani inafanya kazi. Hakukuwa na nafasi ya swali hilo, nami sikuitengeneza.

Hata hivyo si haki kuisema tuisheni kana kwamba ilikuwa tamaa ya walimu tu. Wazazi wengine walilipa ili kuwaweka binti zao mbali na fuo, ambako jaboya, ule mtindo wa mvuvi kudai mwili wa mwanamke ndipo amuuzie samaki, ulijulikana na kila mtu. Darasa lenye vumbi lilikuwa salama kuliko ufuo. Ndiyo maana marufuku zilipotangazwa hazikupokewa kwa shangwe huku kwetu. Waziri wa Elimu Sam Ongeri alipiga marufuku tuisheni ya likizo mwaka 2008, baada ya wimbi la migomo shuleni. Mutula Kilonzo, waziri aliyemfuata, akaikaza marufuku hiyo 2012. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikaitia katika kifungu cha 37. Serikali ilijua vizuri ilichotaka kukifunga. Kitakachowekwa mahali pake hakikusemwa.

Na vyuo vikuu vilikuwa wapi? Maseno ilikuwa na shule tangu 1906, ilipoanzishwa na wamisionari wa CMS. Jaramogi Oginga Odinga, mtoto wa Bondo, alisoma pale na akarudi kufundisha baada ya Makerere. Chuo kikuu kilichelewa sana. Mwaka 1990 Chuo cha Walimu cha Siriba na taasisi ya mafunzo ya serikali iliyokuwa jirani yake viliunganishwa chini ya Chuo Kikuu cha Moi, na Maseno ikajitegemea 2001. Bondo nayo ilikuwa na chuo cha walimu kando ya barabara ya Usenge. Mwaka 2009 kikawa chuo kikuu kishiriki chini ya Maseno, na Februari 2013 kikapata hati yake na jina la Jaramogi.

Wenzangu waliomaliza kidato cha sita na kuitwa chuoni kuanzia 1984 walipitishwa kwanza katika mafunzo ya Huduma ya Vijana kwa Taifa (NYS), kwata na jembe, kwa sababu jaribio la mapinduzi la 1982 lilikuwa limeifanya serikali iwaogope wanafunzi. Kijana alipikwa nidhamu kabla ya kuiona maktaba. Mimi niliingia chuo kikuu kwa mlango mwingine, ule wa walimu. Nilisomea shahada yangu wakati wa likizo, Aprili, Agosti na Desemba, nikilala katika vitanda vya wanafunzi waliokwenda kwao. Mabweni yalijaa watu wazima wenye watoto na mikopo. Usiku mmoja, nikisoma chini ya balbu ya bweni, nilifikiri kwamba chuo hiki kimefunguliwa likizo kwa ajili yangu mimi mwalimu, na wanafunzi wangu, ambao ndio sababu ya mimi kusoma, hawajawahi kupita hata getini. Wazo hilo halikunitoka.

Kwa hiyo niliposikia kwamba walimu wa hisabati wa Chuo Kikuu cha Maseno, akiwemo mhadhiri mmoja Mwingereza aitwaye David Stern, wanaandaa kambi ya wanafunzi wa sekondari Agosti 2011, sikuuliza mengi. Duniani jambo hili lilikuwa na umri mkubwa tayari. Arnold Ross alianzisha programu yake katika Chuo Kikuu cha Notre Dame mwaka 1957, mwaka ule ule Warusi waliporusha Sputnik, na akaihamishia Ohio State 1964. Vijana wa huko wamekuwa wakipewa majira yao ya joto kufikiri juu ya namba tangu kabla Kenya haijapata uhuru. Kwetu lilikuwa geni hata kwa walimu.

Tulipitia Ndori na Akala, tukabadilisha gari Kisian, tukapanda mlima kwenda Maseno. Wiki ile watoto waligusa kompyuta na kuchora maumbo yanayosogea kwenye skrini. Walijifunza kuficha maandishi kwa hesabu na kuyafichua. Waliketi na wahadhiri, Wakenya na wageni, waliokubali kuulizwa. Nilimwona msichana wangu, ambaye darasani hakuwahi kufungua kinywa, akibishana na mtu mwenye shahada ya uzamifu juu ya pembe, na mtu huyo akisubiri amalize. Nilitoka nje nikakaa chini ya mti kwa muda.

Kambi hiyo iliendelea miaka iliyofuata, na mtindo wake ukaenda hadi Ethiopia na Ghana. Watu wa Maseno wanastahili sifa zaidi ya walizopata. Maana jambo gumu hapa halikuwa fedha wala kompyuta. Lilikuwa kumshawishi mzazi, mwalimu mkuu na mtoto mwenyewe kwamba wiki isiyo na alama ina thamani.

Mama yule wa Usenge nilimkuta tena Septemba, sokoni. Alifungua daftari lake la madeni akanionyesha ukurasa. Juu palikuwa pameandikwa RPHQD. Bintiye alikuwa amemfundisha kusogeza kila herufi hatua tatu mbele, O ikawa R, M ikawa P, na neno omena likapotea machoni pa watu. Majina ya wadaiwa wake yote yalikuwa yamefichwa namna hiyo. "Sasa hata wakiliiba daftari," akaniambia, "hawajui nani ananidai wala nani ninamdai." Alikuwa amejifunza yeye pia, kwa wiki chache, bila shule.

Nawaandikia wahadhiri wa hapa Bondo, ninyi ambao geti lenu watoto wetu wanalipita kila siku wakienda na kurudi shule za kutwa. Vitanda vipo likizo, madarasa yapo, na walimu wastaafu kama mimi tupo na hatudai malipo. Chukueni watoto arobaini, wiki moja, kila Agosti, na nusu yao wawe wasichana wa fuoni. Wazazi niachieni mimi. Nitakwenda kuwaomba mlango kwa mlango, kuanzia Usenge.